Meli inafunga Cartagena asubuhi na kuondoka usiku: nishuke au nibaki?

"Shikamoo mzee. Mimi ni kadeti wa sitaha, msichana wa miaka 23 kutoka Likoni, na huu ndio mkataba wangu wa kwanza. Meli yetu ni ya makontena, na tukishavuka Panama tutaingia Cartagena, Kolombia. Tunaambiwa tutafunga asubuhi na kuondoka usiku wa siku hiyohiyo. Nimeona video za mji wake wa kale zikanivutia mno, hasa ngome, visiwa vya Rosario na kile kijiji cha watumwa waliotoroka. Lakini bosun wetu, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, anasema bila viza sitoki getini. Wenzangu wengine wanasema huo ni mji wa unga, ukishuka utatekwa. Mama naye amenipigia simu akilia, hataki hata kusikia. Fundi mmoja wa injini anasema kila kitu kiko karibu, nitavimaliza vyote kwa siku moja. Nimsikilize nani? Na nikishuka, nifanye nini na niepuke nini?"

Marahaba, binti yangu. Washauri wako wote wameshika kipande cha ukweli, kisha kila mmoja akakivutia kwake. Nakujibu kwanza kwa ufupi: shuka. Shuka na mwenzako, uone ngome ya San Felipe na mji wa kale, ule vizuri, urudi melini jua halijazama. Visiwa na kijiji viache kwa safari ambayo meli italala bandarini. Sasa tuzungumze sababu, maana ushauri usio na sababu huishia palepale getini.

Nianze na bosun. Simwiti mwongo, nadhani anakuambia habari za bandari nyingine. Mkataba wa FAL wa mwaka 1965, wa kurahisisha usafiri wa baharini, ambao uko chini ya IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, unasema baharia wa kigeni hatakiwi kuwa na viza ili tu ashuke nchi kavu wakati meli yake iko bandarini, maadamu taratibu za kuwasili zimekamilika na hakuna sababu ya kiafya au ya kiusalama ya kumzuia. Na ule mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, MLC, ambao Kenya imeuridhia, unataka baharia apewe nafasi ya kushuka kwa ajili ya afya na ustawi wake, kwa kadiri kazi yake inavyoruhusu. Kushuka, kwa hiyo, ni haki, si zawadi ya mtu. Ila nchi hazilingani. Marekani inadai viza ya baharia, na asiye nayo hubaki melini akiutazama mji kwa darubini. San Juan ya Puerto Rico nao ni mji wa Karibi wenye kuta na ngome za Wahispania, lakini iko chini ya Marekani, na huko maneno ya bosun yangekuwa sahihi kabisa.

Cartagena kazi hiyo hufanywa na wakala wa meli. Yeye ndiye hupeleka orodha ya wafanyakazi kwa uhamiaji kabla hamjafika, na maofisa wakishamaliza kazi yao mnapata ruhusa ya kutoka. Usingoje mfunge gati ndipo uulize. Muulize nahodha au ofisa anayeshika makaratasi mkiwa bado baharini: je, wakala ameombwa vibali vya kushuka, na vitakuwa karatasi mkononi au orodha itakayokaa getini? Swali hilo likiulizwa mapema hupata jibu la upole. Likiulizwa wakati kreni zimeshaanza kushusha, jibu lake unalijua.

Haki hiyo ina mipaka yake. Nahodha anaweza kukuzuia kwa sababu ya zamu, ya usalama wa meli au ya mazoezi ya dharura. Tena kuna jambo ambalo makadeti hulisahau: sheria inakupa angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa hizo ndizo utakazotumia kutembea. Ukiwa umekesha kwenye kamba na usiku unaofuata una zamu, kurudi kwako ukiwa umechoka hoi ni hatari kwako na kwa aliye chini ya kontena. Lala kwanza hata saa tatu. Mji umekuwapo tangu 1533, hautakimbia.

Sasa fundi wa injini. Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu maneno yake ni matamu. Hesabu yake inaanzia meli inapofunga na kuishia meli inapoondoka. Hesabu ya kweli inaanzia mguu wako unapovuka geti la nje na inaishia saa iliyoandikwa kwenye ubao wa ngazi ya meli. Tuseme mmefunga saa 1 asubuhi, yaani 0700 kwa saa ya meli, na kuondoka ni saa 4 usiku, 2200. Kabla maofisa wa nchi hawajapanda na kumaliza, hakuna anayeshuka. Chifu ofisa atakutaka kidogo kwenye mambo ya shehena. Huenda ukawa huru saa 3. Ubao nao utasema mwisho wa ruhusa ni saa kadhaa kabla ya kuondoka, tuseme saa 1 jioni, na mimi nimeshakuambia urudi kabla ya giza, ambalo huko huingia mnamo saa 12 na kitu mwaka mzima. Ndani ya bandari hutembei kwa miguu. Unavaa fulana ya kung'aa na helmeti, unangoja basi la bandari. Getini mfuko unakaguliwa. Kisha ndipo utafute teksi.

Na hapo inategemea mmefunga wapi, kwa sababu "bandari ya Cartagena" ni maneno mapana. Kuna gati za kisiwa cha Manga, ambako hata meli za watalii huingia, na kutoka huko mji wa kale ni kilomita chache tu. Kuna gati za upande wa Mamonal, eneo la viwanda na mafuta kusini ya ghuba, na kutoka huko unaingia barabara ya malori na foleni yake. Muulize wakala neno moja tu: Manga au Mamonal? Ikiwa ni Mamonal, ongeza saa nzima kwenye hesabu ya kwenda na kurudi, usione haya.

Ukitoa yote hayo unabaki na saa tano hivi za mji wenyewe. Saa tano zinatosha kwa mji wa kale na ngome bila kukimbia, lakini hazitoshi kwa Rosario. Boti za visiwani huondoka asubuhi kutoka gati ya La Bodeguita, karibu na mnara wa saa, na hurudi alasiri. Ni karibu saa nzima ya boti ya mwendo kasi kila upande, na kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazini mashariki ukishika, bahari ya mchana hupiga kwelikweli. Kubwa zaidi ni kwamba saa ya kurudi huiamui wewe. Nahodha wa boti akiamua kumngoja mtalii aliyelala ufukweni, utamfanyaje?

Na meli ya makontena haina subira. Kreni zikienda vizuri kuliko ilivyopangwa, au makontena fulani yakifutwa kwenye orodha, saa ya kuondoka inawahishwa. Baharia aliyeachwa hufuatwa na wakala, hupelekwa uhamiaji, hukatiwa tiketi ya kuifuata meli bandari inayofuata, na gharama pamoja na barua vinaweza kumwangukia yeye. Kwa mkataba wa kwanza, hilo ni doa usilolitaka. Kwa hiyo ukishuka, piga picha ule ubao wa ngazi kwa simu yako, piga na jina la geti, kisha hakikisha mtu aliye zamu ana namba yako na wewe unayo ya wakala. Mkifika mjini, mkishakaa kula, mtumie ujumbe aliye melini umuulize kama saa imebadilika.

Haya, unga. Wenzako wanasema kweli kwamba Kolombia ndiyo mzalishaji mkubwa wa kokeini duniani, na kwamba bandari zake hutumiwa kuisafirisha. Lakini wameielewa hatari upande usio wake. Kutekwa mtaani mchana katikati ya watalii si jambo linalompata baharia wa kawaida Cartagena. Linalompata ni kutumiwa. Mzigo hufichwa ndani ya makontena, hupandishwa kwa kamba usiku, au hufungwa na wapiga mbizi chini ya maji kwenye mwili wa meli. Wanachohitaji wenye mzigo ni mtu wa ndani, hata kama hajui kuwa yumo. Anaweza kuwa kijana mcheshi atakayekununulia soda, akakuuliza meli yako inakwenda wapi, uko zamu saa ngapi, na mwisho akakuomba umpelekee rafiki yake zawadi ndogo huko Rotterdam. Usijibu maswali hayo. Usipokee kifurushi cha mtu yeyote, hata kahawa iliyofungwa vizuri, hata kutoka kwa baharia mwenzako asiyetaka kukibeba mwenyewe. Nunua zawadi zako dukani, zifungwe mbele ya macho yako, na mfuko usitoke mkononi mpaka umepanda ngazi. Mkirudi mtakaguliwa tena, pengine na mbwa. Simama utulie, ni kazi yao.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Huko chai ya majani ya koka na peremende zake huuzwa wazi kama dawa ya uchovu, na muuzaji atakuambia ni jani tu. Ni jani, ndiyo, lakini kipimo cha mkojo hakitofautishi: kikombe kimoja kinaweza kukutoa na majibu ya kokeini kwenye ukaguzi wa kampuni. Usinywe, na usiichukue kama zawadi ya mama.

Kuhusu mama, usimdanganye kwamba hukushuka. Mtumie mpango wako: unakwenda na nani, wapi, unarudi saa ngapi. Mzazi hutulizwa na mpango kuliko na kiapo.

Sasa tufike kwenye raha yenyewe. Utalii wako utaanzia sitahani, kabla kamba ya kwanza haijakwenda gatini. Ghuba ya Cartagena ina midomo miwili. Bocagrande ni mpana na uko karibu na mji. Bocachica ni mwembamba, uko kusini ya kisiwa cha Tierra Bomba. Tazama chati ujiulize kwa nini meli kubwa kama yenu inazunguka hadi kule kwenye mlango mdogo. Jibu lina miaka 250. Katika miaka ya 1770 Wahispania walijenga ukuta wa mawe chini ya maji, kuuziba mlango mpana, ili kila meli ya adui ilazimike kupita Bocachica, katikati ya mizinga ya ngome mbili. Ukuta huo uko mpaka leo. Meli yenu yenye setilaiti na rada bado inawatii mafundi wa mfalme wa Uhispania. Mkiingia, kushoto kwako ni San Fernando, kulia ni San José, iliyojengwa chini kabisa usawa wa maji ili mizinga yake ipige meli kwenye mbavu. Utakuwa mbele kwenye kamba, najua, lakini inua macho mara moja.

Wewe mtu wa Likoni una faida ambayo Mfilipino au Mrusi hana. Fort Jesus umeshaingia, angalau na shule. Ngome ile ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya Mfalme Felipe, aliyekuwa mfalme wa Uhispania na wa Ureno kwa pamoja, kwa ramani ya Mwitaliano aitwaye Cairati. Miaka michache kabla ya hapo, 1586, Mwingereza Francis Drake aliivamia Cartagena, akachoma nyumba moja baada ya nyingine mpaka akalipwa fidia. Mfalme huyohuyo akamtuma Mwitaliano mwingine, Bautista Antonelli, apange ulinzi wa bandari za Karibi. Kuta utakazozipanda Cartagena na kuta za nyumbani zilitoka kwenye hofu ya mfalme mmoja na shule moja ya ujenzi. Tazama pembe zake: kila ukuta umeinama kidogo, na kila ncha imetokeza nje ili askari aliye kwenye ncha moja aweze kuulinda ukuta wa ncha ya pili. Adui hapati pa kujibanza.

Anza na San Felipe de Barajas, na uanze nayo mapema uwezavyo, kwa sababu haina kivuli. Joto la huko ni kama la kwetu Machi, nyuzi 30 na zaidi, na jiwe hulirudisha usoni. Chukua kofia na maji. Ngome imekaa juu ya kilima cha San Lázaro. Ilianza katika karne ya 17 na ikapanuliwa sana na mhandisi Antonio de Arévalo baada ya 1760. Ukipanda utaona majukwaa ya mizinga yamepandana kwa ngazi. Siri yake ni kwamba jukwaa la chini likitekwa, lililo juu yake linalitazama na kulipiga. Mshindi anajikuta amesimama mahali pabaya kuliko alipotoka. Ndani kuna mahandaki. Ingia hata kidogo, uwashe tochi ya simu, umwambie mwenzako atangulie akaseme kwa sauti ya chini. Utamsikia. Yalichimbwa hivyo ili mlinzi asikie nyayo za adui kabla hajamwona.

Chini ya ngome kuna sanamu ya mtu mwenye mguu mmoja, Blas de Lezo. Mwaka 1741 Waingereza walikuja na zaidi ya meli 180 chini ya Edward Vernon. Lezo, ambaye vita vya nyuma vilikuwa vimeshachukua mguu, jicho na nguvu za mkono mmoja, alikuwa na meli sita tu na askari wachache. Waingereza walikuwa na uhakika wa ushindi kiasi kwamba kwao zilitengenezwa medali zinazomwonyesha Lezo amepiga magoti. Ngome haikuanguka. Homa ya manjano na magonjwa mengine yaliwamaliza watu wa Vernon melini kuliko risasi, nao wakaondoka. Lezo mwenyewe alikufa mwaka huohuo. Kwa baharia hadithi hii ina uzito wake: maelfu ya wale waliokufa walikuwa watu wa meli, na wengi hawakukanyaga hata geti la mji.

Kutoka hapo chukua teksi hadi mnara wa saa, Torre del Reloj, uingie mji wa kale kwa miguu. Uwanja wa kwanza utakaoukanyaga, Plaza de los Coches, leo una vijana wa kupiga picha na, chini ya matao ya upande mmoja, akina mama wanaouza vitamu kwenye chupa kubwa za kioo. Nunua zile za nazi. Ni kashata, utazitambua kabla hujaonja. Lakini ujue umesimama wapi. Uwanja huu ulikuwa soko la watumwa. Cartagena ilikuwa moja ya bandari kuu zilizoruhusiwa kuingiza Waafrika katika himaya ya Uhispania ya Amerika, na wengi waliletwa kutoka Angola, Kongo na pwani ya Guinea.

Tembea dakika chache uende kanisa la San Pedro Claver. Padri huyu Mjesuiti kutoka Catalonia alifika 1610 na hadi alipokufa 1654 alizipanda meli za watumwa zilipofika, na maji, matunda na dawa. Mifupa yake iko ndani ya kioo chini ya madhabahu. Lisilosemwa sana na waongoza wageni ni kwamba lugha zao nyingi padri hakuzijua. Aliwategemea wakalimani Waafrika, nao wenyewe walikuwa watumwa wa nyumba ya Wajesuiti. Mmoja wao, Andrés Sacabuche wa Angola, alitoa ushahidi baada ya kifo cha padri, na maneno yake ni sehemu ya yale tunayoyajua leo kuhusu mashimo ya meli zile. Mimi nikiwa pale humkumbuka Sacabuche kwanza. Nje ya kanisa kuna sanamu za chuma chakavu za watu wa kawaida: wawili wanacheza chesi, mwanamke ameinamia cherehani. Kaa nao, pumzika.

Sehemu nyingine uzipitie kwa mwendo wako. Ikulu ya Baraza la Uchunguzi la Kanisa, uwanja wa Bolívar wenye miti ya kivuli, makumbusho ya dhahabu ya Wazenú, wenyeji wa asili wa huko, Las Bóvedas ambako vyumba vya zamani vya ngome sasa ni maduka ya zawadi. Usijilazimishe kuingia kila mlango. Jambo moja nisingekubali ulikose ni kutembea juu ya ukuta wenyewe, upande wa bahari, ambako upepo hukupoza. Ukibaki na saa moja, vuka uende Getsemaní, mtaa ulio nje kidogo ya mnara, wa nyumba ndogo na michoro ya ukutani. Mafundi na watu weusi huru wa mtaa huo ndio waliosukuma mji utangaze uhuru tarehe 11 Novemba 1811. Mkifika karibu na tarehe hiyo mtakuta maandamano na ngoma, na foleni ya kurudi bandarini itakuwa ndefu ajabu. Punguza mpango wako nusu.

Kuhusu kile kijiji. San Basilio de Palenque kiko kilomita 50 hivi kutoka mjini, na barabara ya kutokea mji ndiyo yenye foleni mbaya. Ndiyo maana nimekuambia si safari hii. Kilitokana na watumwa waliotoroka, wanaomkumbuka Benkos Biohó kama kiongozi wao. Wahispania walifanya naye mapatano, kisha wakamnyonga 1621. Kijiji kilidumu, na watu wake wanazungumza lugha yao iliyochanganya Kihispania na Kikongo. Lakini Palenque utakutana nayo mjini bila kutoka. Wale akina mama wenye magauni ya rangi kali na karai la matunda kichwani, unaowaona kwenye kila picha ya Cartagena, wengi ni wa huko. Wanaishi kwa hiyo kazi. Usiwapige picha kwa kuvizia kama wafanyavyo watalii. Msalimie mama, nunua embe au papai lake, kisha umuulize picha ni kiasi gani kabla hujainua simu.

Hapo tunafika kwenye pesa. Peso ya Kolombia hutumia alama ileile ya dola, na nukta badala ya koma. Ukiona $20.000 kwenye ubao wa hoteli, ni peso elfu ishirini. Kwa viwango vya miaka ya karibuni hizo ni dola chache tu. Wageni huogopa bure, au hutoa dola ishirini pale palipotakiwa peso. Badilisha kwenye duka la kubadilishia fedha, watakutaka utambulisho; anayekuita barabarani na kiwango kizuri kuliko wote anakuhesabia noti huku akizirudisha mfukoni. Teksi hazina mita. Uliza wakala bei ya kawaida hadi mnara wa saa, kubaliana na dereva kabla ya kufunga mlango, na chukua noti ndogo kwa sababu chenji huwa "haipo". Zumaridi ya mkononi mwa mtu wa barabarani ni kioo. Na ufukweni, kwenye mtaa wa Bocagrande, usikubali chaza wa "kuonja" wala mkono wa mama anayeanza kukusugua mabega bila kuulizwa. Vyote vina bili, na bili hiyo ni ndefu.

Kula samaki wa kukaanga kwa wali wa nazi na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa, au arepa de huevo, andazi la unga wa mahindi lenye yai ndani, likiwa bado linatoka kwenye mafuta. Hutajiona mgeni mezani.

Kwa kuwa wewe ni binti, nikuambie na haya bila kuzunguka. Mchana katika mji wa kale utapigiwa maneno, na dawa yake ni kuendelea kutembea. Usiku ule uwanja wa mnara wa saa hubadilika, madalali wa ngono wanaingia, na wenzako wa kiume watafuatwa. Kama ni watu wa kukusikiliza, waambie sheria ya Kolombia ni kali mno kwa anayemnunua aliye chini ya miaka 18, na "sikujua umri wake" hakumsaidii. Kinywaji chako kifunguliwe mbele yako na usikiache, wala usipokee sigara au kipande cha karatasi cha mtu usiyemjua. Huko hutumika dawa iitwayo skopolamini, inayomfanya mtu awe macho lakini asiwe na hiari wala kumbukumbu. Ukimwona mwenzako ameanza kusema ovyo na kutii kila anachoambiwa baada ya kinywaji kimoja, usimlaze ili "alale itoke". Mpeleke hospitali mara moja, mpigie wakala, na namba ya dharura nchi nzima ni 123.

Mambo mengine hayatakiwi kungoja jibu la barua kama hii. Homa yoyote ndani ya wiki mbili baada ya kuondoka, mwambie ofisa wa matibabu kwamba mlipita Kolombia, maana dengi ipo. Ukipoteza pasipoti au kitabu cha baharia, mtu wa kwanza ni wakala, wa pili nahodha. Na ukinyimwa kushuka bandari baada ya bandari bila sababu inayoeleweka, huku wenzako wakishuka, kaa na nahodha umuulize kwa adabu, kisha tumia utaratibu wa malalamiko wa melini ambao MLC inataka kila meli iwe nao. Nakala yake ulipaswa kupewa siku ulipopanda. Isipotoka kitu, ongea na mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, au na wahudumu wa mabaharia, kama wale wa misheni yetu ya Mombasa. Wao wataweza kupanda melini na kuyatazama makaratasi, kazi ambayo mimi kutoka hapa siiwezi.